Kioo gani niweke kwenye picha ya harusi ya babu na bibi?

Swali: Habari za kazi kaka. Mi niko Kigamboni. Nina picha ya harusi ya babu na bibi yangu ya 1967, nyeusi na nyeupe, ndo original na ukoo mzima tunayo hiyo hiyo moja. Iko kwenye fremu ya zamani na kona ya chini imeshagandana na kioo. Nataka niitengenezee fremu mpya niitundike sebuleni, pamoja na mchoro wa rangi za maji alionipa mwalimu wangu na mchoro mmoja mkubwa wa tingatinga nilionunua Oysterbay. Dirisha la sebule linatazama magharibi. Fundi wa kwanza kaniambia kioo cha kawaida cha mm 2 kinatosha kwa zote tatu, wa pili anasema niweke akriliki, wa tatu ananitajia kioo cha makumbusho cha kuagiza nje ambacho bei yake imenitoa jasho. Nimfuate nani? Na kioo chenyewe kinasafishwaje?

Jibu:

Dada yangu asante kwa swali, na nimefurahi sana umeuliza kabla hujaifungua hiyo fremu. Kabla hatujafika kwenye vioo, hiyo kona iliyoganda usiivute. Naomba hili ulishike kuliko mengine yote nitakayoandika hapa chini. Usiivute, usiingize kisu, usiipulizie maji, usiianike juani ukitegemea itaachia yenyewe. Picha nyeusi na nyeupe za miaka hiyo zina utando mwembamba wa jelatini juu ya karatasi, na ile fedha inayotengeneza sura za watu imo ndani ya huo utando. Jelatini ikipata unyevu inavimba na kulainika, ikiwa imegusa kioo inajibandika, ikikauka imeshakamata, sasa wewe ukivuta kinachobanduka ni sura ya bibi yako, kioo hakidhuriki chochote. Nimeshaletewa picha ambazo mtu alivuta kidogo tu, na kwenye kioo pamebaki jicho moja na nusu ya shela, na hapo hamna fundi wa fremu atakayekurudishia.

Kwahiyo fanya hivi. Ilaze fremu kifudifudi mezani juu ya taulo safi, toa misumari ya nyuma taratibu, toa ubao wa nyuma, nyanyua mbao za fremu, halafu picha na kioo chake uviache vimeshikana hivyo hivyo kama vilivyo. Futa kioo upande wa nje kwa kitambaa kikavu. Kisha hiyo picha ikapigwe kopi ya kidijitali kupitia hicho hicho kioo. Angalizo: skana nyingi nyembamba za stationery zinasoma kitu kilichogusa uso wake tu, ukiweka kioo katikati picha inatoka na ukungu, kwahiyo bora umpate mpiga picha mwenye kamera nzuri na stendi, aweke taa mbili pembeni, moja kulia moja kushoto, kila moja imeinama kama nyuzi 45 ili mwanga usirudi kwenye lenzi. Mwambie akupe faili la TIFF, yaani lile lisilobanwa ubora, kwenye flash, usikubali akutumie WhatsApp kama picha ya kawaida maana WhatsApp inaibana na kupunguza ubora.

Halafu hapa nakupa msimamo wangu na sitaufichaficha: kwa picha iliyo moja tu kwenye ukoo mzima, kinachotundikwa ukutani kiwe kopi. Original ilale. Ukichapisha vizuri, kwa wino wa pigmenti kwenye karatasi ya pamba, mgeni aliyekaa kwenye kochi hawezi kutofautisha, na wewe unalala usingizi. Original pamoja na kioo chake kilichoganda uiweke imelala kwenye boksi, kioo kikiwa chini, imezungushiwa karatasi isiyo na asidi, ndani ya kabati la chumba cha katikati ya nyumba, mbali na jiko, mbali na bafu, na kabati lenyewe lisiegemee ukuta wa nje. Siku ukimpata mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka wa kweli kweli, yeye ndo ajaribu kuiachanisha.

Sasa tuje kwenye vioo. Mafundi wako wote watatu kuna kitu wamesema cha kweli, shida ni kwamba kila mmoja amechukua jibu moja akalivalisha kazi zako tatu, na kazi zenyewe hazifanani hata kidogo.

Ujue kwanza kioo cha fremu kinafanya nini. Kinazuia vumbi, vidole, inzi na moshi wa jikoni, hiyo kazi kioo chochote kinaiweza hata cha bei ya chini kabisa. Kinaweza kupunguza mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho lakini inapausha rangi, hapo ndo vinaanza kutofautiana. Na kinaweza kupunguza ule mng'ao wa kujiona sura yako badala ya kuiona picha. Ila kioo hicho hicho kinaweza pia kuua picha kwa kuigusa, na kwa hali ya hewa ya pwani hili ndo ninaloliogopa kuliko jua. Dar unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 70, wakati wa masika ndo usiseme, na ukipita kwenye 65 mpaka 70 ukikaa hapo muda mrefu kuvu wanaanza kuota kwenye karatasi. Kigamboni nayo una hewa ya chumvi juu yake, na chumvi inavuta maji. Ukiwa na AC sebuleni ndo inabidi uwe makini zaidi, unaizima, unafungua madirisha, hewa ya nje yenye joto na unyevu inaingia inakutana na kioo kilichopoa, maji yanajikusanya juu ya kioo, na upande wa ndani wa fremu unaweza kupatwa na hayo hayo. Kama picha imegusa kioo, yale maji yanapata pa kwenda.

Kwahiyo hata ukinunua kioo cha bei mbaya kuliko vyote duniani, fundi akikilaza juu ya picha moja kwa moja umeshapoteza. Lazima pawe na nafasi. Njia ya kawaida ni maunti, ile kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, yenyewe inainua kioo kisiguse. Kadi ya kawaida ina kama milimita moja na nusu hivi, kwa picha ndogo inatosha, ila kwa picha kubwa hapa kwetu mi napenda kadi mbili zipande juu ya nyingine, maana karatasi ikivuta unyevu inajikunja mawimbi na mgongo wa wimbi unaweza kufika kwenye kioo. Kama hupendi maunti, unataka picha ijae fremu yote, mwambie fundi aweke vijiti vyembamba vya milimita 3 mpaka 5 pembeni kati ya kioo na picha, vinajificha chini ya mdomo wa fremu, havionekani. Fundi akikwambia hiyo haina umuhimu, muoneshe ile kona ya babu na bibi.

Jua sasa. Dirisha lako linatazama magharibi, na hilo kwa kweli ni baya. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, saa sita mchana jua liko juu juu kabisa, bati na dari vinakukinga, lakini asubuhi na jioni linashuka linaingia limelala, kwahiyo madirisha ya mashariki na magharibi ndo yanapitisha jua mpaka ukuta wa mbali wa sebule. La kaskazini linaonja jua kidogo miezi ya Juni, la kusini Desemba, ila sio kama hayo mawili. Ukali wa mwanga unapimwa kwa lux, na jua la moja kwa moja linaweza kufika lux 100,000. Makumbusho wakiweka kazi ya karatasi, rangi za maji mfano, wanajitahidi isizidi lux 50. Angalia tofauti hiyo. Na mwanga madhara yake yanajumlishwa, saa 1 kwenye lux 500 ni sawasawa na saa 10 kwenye lux 50, rangi haipumziki usiku ikajirudisha.

Na hapa watu wengi wanauziwa matumaini. Wauzaji wanasema kioo kinazuia UV asilimia 99, na vile vizuri ni kweli vinazuia, ila kuzuia asilimia 99 ya UV sio kuzuia asilimia 99 ya kupauka. Mwanga wa kawaida unaouona kwa macho nao unapausha, hasa ule wa bluu, na huo hamna kioo kitakachouzuia halafu bado ukaiona picha. Kioo cha UV kinakuongezea muda, hakikupi ruhusa ya kutundika mbele ya jua la saa kumi jioni. Kwahiyo ukuta kwanza, kioo baadae. Chagua ule ukuta wenye dirisha lenyewe, yaani picha ikae upande mmoja na dirisha, au ukuta wa korido, au popote ambapo ukikaa pale jioni jua halikupigi. Weka na pazia zito ulishushe mchana mkiwa kazini. Taa usiwe na wasiwasi nazo sana, LED za siku hizi zinatoa UV kidogo mno, ni zile tyubu za zamani ndo zilikuwa zinatoa zaidi.

Twende kwenye kimoja kimoja.

Kioo cha kawaida cha mm 2, kile alichokwambia fundi wa kwanza. Ni kioo halali, mi nakitumia kila siku. Kinapunguza UV kidogo, sehemu kubwa inapita, na kila uso wake unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga, kina nyuso mbili, kwahiyo asilimia 8 inakurudia machoni, ndo maana usiku taa ikiwaka unaiona bulbu kwenye picha. Uzito wake ni kilo 5 kwa mita ya mraba, kwa kila milimita hesabu kilo mbili na nusu. Ukipita sentimita 60 kwa 80 weka mm 3. Tatizo la upatikanaji hamna, vioo bapa siku hizi vinatengenezwa hata Mkuranga. Cha kukagua ni kitu kimoja ambacho watu hawakijui: kioo kilichokaa stoo yenye unyevu, vimepangwa bila karatasi katikati, kinapata madoa meupe au ya rangi rangi kama mafuta ya taa juu ya maji, na yale hayafutiki kwa sabuni wala spiriti kwasababu kioo chenyewe kimeshaliwa. Kiinue dhidi ya mwanga kabla fundi hajakata.

Kuna kile cha kupunguza mng'ao kwa kukwaruzwa uso, kinaonekana kama kina ukungu mwembamba, mafundi wengine wanakuuzia kama kioo bora. Hiki mimi sikipendi kwa kazi yako. Kinatawanya mwanga badala ya kuupitisha, na kadri kilivyo mbali na picha ndo picha inavyozidi kufifia, sasa sisi tumesema lazima tuweke nafasi, kwahiyo vinapingana. Usichanganye na kioo chenye utando wa kuzuia mng'ao, hicho ni kitu kingine kabisa, kinarudisha chini ya asilimia 1, unakiangalia unahisi fremu haina kioo. Ukitaka kujua kama ni chenyewe, simama uangalie taa inavyojirudisha juu yake: kioo cha kawaida taa inarudi nyeupe kali, chenye utando inarudi hafifu na ina rangi, kijani au zambarau.

Hicho cha makumbusho alichotaja fundi wa tatu, mfano vile vya Tru Vue ya Marekani, kina vyote viwili, UV asilimia 99 na huo utando. Ni kizuri, sina la kukipinga. Ila ni kioo, kinavunjika njiani, kikichunika utando hakitengenezeki, na kwa sebule yenye jua la magharibi mi ningeona hela hiyo imeanza kwenye pazia na fremu iliyofungwa vizuri nyuma, ikibaki ndo kiagizwe.

Akriliki ya fundi wa pili, ile wengine wanaita perspeksi, wanatumia sana watu wa mabango. Uzito wake ni chini ya nusu ya kioo, haivunjiki vipande, kwa fremu inayozidi mita moja au iliyo juu ya kitanda cha mtoto hiyo ndo yangu ya kwanza. Ila sio kila akriliki inazuia UV vya kutosha, ya mabango usiichukulie hivyo hivyo, ni lazima iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo. Inachubuka kwa vumbi tu ukifuta vibaya. Inajikunja. Ina umeme wa msuguano, ukiifuta inavuta vumbi na pia inanyanyua chembe za mkaa na chaki kutoka kwenye mchoro, kwahiyo michoro ya mkaa na pasteli usiwahi kuiwekea akriliki ya kawaida. Na inatanuka: mita moja ikipanda joto nyuzi 10 inarefuka kama robo tatu ya milimita, fundi asipoacha nafasi pembeni inabinuka katikati, inakwenda kugusa picha. Mwambie akate pungufu ya milimita 2 au 3. Na yale maplastiki yanayokuja kwenye fremu za dukani zilizo tayari usiyaite akriliki, mengi ni plastiki laini ya bei rahisi ambayo baada ya muda inageuka njano.

Sasa kuna njia moja ambayo hamna fundi aliyekutajia na mimi kwa Dar naipenda mno, kioo cha leminate. Ni vioo viwili vimegandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, ndo hicho kinachowekwa kioo cha mbele cha gari na kwenye milango ya maduka. Ule utando wa katikati kwa kawaida unazuia UV zaidi ya asilimia 99, na kikipasuka vipande vinabaki vimeshikana haviangukii mchoro. Mafundi alminiamu wanakiita cha 6.38, yaani vioo viwili vya mm 3 na utando wa 0.38. Kwa mchoro wa sentimita 40 kwa 50 ni kama kilo 3, ukuta wa tofali unabeba bila shida, ila fremu iwe na kina cha kutosha na pembe zake ziwe zimefungwa kwa misumari na gundi. Kina ukijani kidogo, ukiweka juu ya karatasi nyeupe utauona, baada ya wiki jicho linauzoea. Mng'ao unabaki kama wa kioo cha kawaida. Hakikisha wasikupe cha tempa, kile kigumu cha kwenye bafu la kuogea, kinavunjika vipande vidogo vidogo ila kwa UV hakina maajabu yoyote zaidi ya kioo cha kawaida. Leminate ukitazama ukingo wake unaona mstari katikati.

Na usimwamini mtu kwa mdomo, pima mwenyewe. Tafuta ile taa ya kukagulia noti feki, mawakala wa pesa za simu na maduka ya jumla wengi wanayo. Chukua karatasi nyeupe ya kuprintia, zima taa za chumba au ingia pembeni penye giza, iwashe juu ya karatasi, utaona karatasi inawaka bluu. Hiyo inawaka kwasababu viwandani wanaweka dawa ya kung'arisha ambayo inageuza UV kuwa mwanga unaoonekana. Sasa weka kipande cha kioo unachouziwa kifunike nusu ya karatasi. Kioo cha kawaida, nusu zote mbili zitawaka karibu sawa. Kioo cha UV au leminate, nusu iliyofunikwa inazimika, inabaki kama kivuli. Tahadhari moja: tumia ile taa ya noti yenye tyubu, au tochi iliyoandikwa nanomita 365 (nm, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Zile tochi ndogo za zambarau za bei ya chini nyingi ni za nanomita 395, na vioo vya UV vingi vinakata mpaka karibu 380 tu, kwahiyo mwanga wake utapita hata kwenye kioo kizuri utamuonea muuzaji bure.

Kwa kazi zako basi.

Kopi ya picha ya harusi: kioo cha kawaida mm 2, maunti, imeisha. Hapa fundi wa kwanza yuko sahihi. Ikipauka baada ya miaka unachapisha nyingine, faili unalo.

Mchoro wa rangi za maji wa mwalimu: hapa ndo weka hela. Huu hauna kopi itakayokuwa na mkono wake, na rangi za maji ni dhaifu sana mbele ya mwanga, nyekundu na zambarau ndo huwa zinatangulia kuondoka, kuna ile nyekundu inayoitwa alizarin crimson inajulikana dunia nzima kwa kupotea. Unakuta mchoro wa machweo umebaki na bluu na kahawia tu na mwenyewe anadhani ndivyo ulivyochorwa. Leminate iliyopimwa kwa taa ya noti, au akriliki halisi ya UV kama fremu ni kubwa, au hicho cha makumbusho kama uwezo upo. Maunti mbili. Na nyuma ya mchoro fundi asiweke hardbodi moja kwa moja, ina asidi, inaacha rangi ya chai kwenye karatasi, iwekwe kadi isiyo na asidi kwanza halafu ndo hardbodi. Asibandike kwa solotepu wala masking tepu, gundi yake inageuka njano inapenya mpaka mbele. Mchoro ushikwe juu tu kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga, chini uachwe huru ili karatasi ikitanuka masika na kusinyaa kiangazi isichanike wala kujikunja.

Tingatinga: usiweke kioo. Hapo wote watatu nawapinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alikuwa anatumia hardbodi na rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli, na mpaka leo wengi wanachora kwa rangi za aina hiyo hata kama ni kwenye turubai. Rangi hizo zikishakauka zina ngozi yake yenyewe, hazitaki kioo kama karatasi inavyotaka, na kwa kuwa zinakauka taratibu sana, kioo kikizigusa kwenye joto letu zinanata. Pia ule mng'ao wake ndo uzuri wake, ukiweka kioo juu unapata mng'ao mara mbili. Vumbi lipanguse kwa brashi laini kavu. Utaona makumbusho makubwa wanaweka kioo hata kwenye michoro ya mafuta, ni kweli, Oktoba 2022 kule London alizeti za Vincent van Gogh zilimwagiwa supu na zikapona kwasababu ya kioo, ila wao wanalinda dhidi ya watu maelfu wanaopita, sebuleni kwako hamna hatari hiyo. Jua ndo ulikwepe hata kwa tingatinga, maana joto la jioni linaichosha rangi na turubai.

Ukishindwa kabisa kuhamisha ukuta, kuna filamu ya UV isiyo na rangi inayobandikwa kwenye dirisha, mafundi tinti wa magari na majengo wanaijua. Bandika kwenye dirisha la nyumba, sio kwenye kioo cha fremu, gundi yake sitaki ikae boksi moja na mchoro. Itasaidia na makochi. Ipime kwa taa ile ile.

Kabla hujaondoka dukani kwa fundi geuza fremu. Nyuma iwe imezibwa pande zote kwa tepu ya karatasi, hiyo inapunguza vumbi, wadudu, na kasi ya unyevu kuingia na kutoka. Pembe mbili za chini ziwe na vipira vidogo ili fremu isilale bapa ukutani, hewa ipite nyuma, maana kuta zetu za nje zinalowa wakati wa mvua na fremu iliyobana ukuta inakunywa yale maji yote. Waya wa kutundikia uwe wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu (stenlesi), Kigamboni ile chumvi inakula waya wa kawaida mpaka siku moja fremu inashuka na kioo chake.

Kusafisha: usipulizie dawa kwenye kioo hata siku moja. Maji yanateleza mpaka mdomo wa chini wa fremu, yananyonywa ndani, na maunti inapata doa la mawimbi ambalo halitoki. Pulizia kitambaa, pembeni, kisha futa. Kioo cha kawaida na leminate dawa yoyote ya vioo inafaa. Akriliki, na vioo vyenye utando, achana kabisa na dawa zenye amonia, zinaipasua akriliki vinyufa vidogo vidogo na kuitia ukungu. Tumia maji na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kipya cha maikrofaiba, na vumbi ulipeperushe kwanza kabla hujagusa.

Ukishapata kopi ya kidijitali ya hiyo picha, nitumie picha ya kona iliyoganda iliyopigwa kwa karibu kutokea mbele na nyingine kutokea nyuma, nikuambie kama unyevu bado unatembea au umesimama.